Robo 40 za kazi, msaada wa chakula Marekani

Wa Uyole: Dada ana kadi ya kijani (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu), mwaka wa pili. Kaomba msaada wa chakula, kaambiwa alete robo 40 za kazi (vipimo vya robo mwaka vinavyopatikana kwa kipato). Zinahesabiwaje? Za shemeji zinaingia?

Jibu, Mafinga: Mwaka hautoi zaidi ya robo 4. Kwa 2025, robo moja ilikuwa dola 1,810 za kipato; aliyefikisha 7,240 hata kwa miezi miwili, alipata zote nne. Hata kazi isiyokatwa kodi ya hifadhi ya jamii inaweza kuhesabiwa. Za mume zinaingia, za kipindi cha ndoa tu, na wakiachana kabla ya uamuzi wa ombi, hazihesabiwi tena. Aandae cheti cha ndoa.

Jibu, Tukuyu: Kwani lazima 40? Akifikisha miaka 5 na kadi, robo haziulizwi. Watoto wenye kadi, chini ya miaka 18, hawasubiri miaka hiyo 5, awaombee sasa.