Tumepanda miche misimu mitatu msituni na inakufa. Tuendelee au tuache?

Mratibu wa Kijisitu:
Habari zenu wadau. Naomba mawazo, hasa ya waliowahi kushika jembe kwenye msitu uliotelekezwa.

Tuna kikundi cha kujitolea. Siku njema tunafika watu kumi na watano, mvua ikinyesha tunabaki sita. Tunahudumia kijisitu cha asili ambacho kwa miaka mingi hakikuwa na wa kukiangalia: miti mikubwa ya pembeni ilikatwa, taka zikamwagwa, lantana, lile gugu la vichaka vizito, ikajaa. Ruhusa ya maandishi ya wenye eneo tunayo, upande huo tuko salama.

Kila mvua zikikaribia tunafyeka sehemu kubwa, tunachimba mashimo, tunapanda miche ya asili. Baada ya miezi sita lantana imefika kiunoni na miche mingi imekauka au imemezwa. Wenzangu wanapungua, na siwalaumu. Kupanda mche kwa mkono wako halafu ukaukuta mkavu kunavunja moyo. Sasa tumeahidiwa miche mingi kuliko miaka yote. Nusu ya kikundi wanataka tuipokee, nusu wanasema tumechoka. Nishaurini.

Mzee wa Palizi:
Pole sana mratibu. Kabla sijasema lolote, huwa mnaanza kufyeka upande gani?

Mratibu wa Kijisitu:
Shikamoo mzee. Pale palipoharibika zaidi, kando ya njia. Ndipo macho ya watu yanapofika.

Mzee wa Palizi:
Marahaba. Basi geuzeni kazi, anzeni pale pazima. Joan na Eileen Bradley, ndugu wawili wa Sydney, Australia, walijulikana kwa njia hiyo kuanzia miaka ya 1960. Waling'oa magugu kwa mkono, wakianzia penye miti mingi ya asili na kusogea polepole kuelekea palipoharibika. Udongo waliuchokoa kidogo kadiri ilivyowezekana, kisha wakarudisha majani makavu juu yake. Na hawakusogea mbele mpaka mimea ya asili iwe imejaza pale walipopalilia.

Hilo la mwisho ndilo gumu kwa watu wa kujitolea, kwa sababu kila mtu anataka aone eneo kubwa limesafishwa. Lakini mkifyeka eneo kubwa kwa siku moja, jua linapiga udongo mtupu, na mbegu za magugu zilizolala humo ndilo jua zilikuwa zinalisubiri. Ninyi wenyewe mnaitandikia lantana kitanda. Palilieni ukanda mwembamba mnaoweza kuurudia mara nne tano kwa mwaka.

Sululu:
Naongeza kuhusu lantana. Ukiikata kwa panga juu ya ardhi, inachipua mashina mengi kuliko mwanzo. Chimba kidogo, kata mzizi mkuu chini ya shingo ya mmea, pale shina linapokutana na mizizi, kisha kigeuze kisiki mizizi ikitazama juu kikauke. Ndege wanakula matunda yake na kudondosha mbegu chini ya miti wanayotua, kwa hiyo kila mkirudi angalieni chini ya matawi hayo kwanza. Vichaka vizito chunguzeni kama vina viota kabla ya kugusa.

Chipukizi:
Dada au kaka mratibu, visiki vya ile miti iliyokatwa mmevitazama? Kisiki kikiwa na uhai kina mizizi mirefu tayari, mche wa kitaluni haukifikii kwa kasi. Chagua machipukizi machache yenye nguvu, ondoa mengine, punguza matawi ya chini, na uzuie mifugo. Ndiyo njia inayoitwa kisiki hai. Nchini Niger, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alianza kuihimiza kwa wakulima miaka ya 1980 baada ya upandaji miche kumshinda, na miti imerudi kwenye mamilioni ya hekta. Ninaogopa mmekuwa mkifyeka machipukizi hayo pamoja na magugu.

Mpanda Miti:
Nakubaliana nanyi ila si kwa kila mahali. Pale udongo ulipokanyagwa ukawa kama sakafu, au palipokuwa na taka kwa miaka, mnaweza kusubiri hadi mzeeke. Hapo panahitaji kupandwa. Pimeni kwanza: safisheni vipande vidogo sehemu tofauti, viacheni mvua moja, mwone kinachoota. Kikiota cha asili, kilindeni. Yakiota magugu matupu, pandeni, lakini miche mnayoweza kuipalilia na kuiwekea matandazo kwa miaka miwili au mitatu.

Mama Kitalu:
Mratibu, usikatae miche yote, omba mgao mdogo na useme sababu. Mtoaji mwenye nia njema ataelewa. Na watu wako wapigie picha mahali palepale kila mwezi, kwani mabadiliko ya msitu ni ya polepole, jicho linayasahau. Miti iliyokauka imesimama mbali na njia iacheni, ina mashimo ya ndege na wadudu.

Mratibu wa Kijisitu:
Asanteni sana. Jumamosi tuliingia tukiwa tisa, bila panga hata moja, tukatazama tu. Chipukizi, ulichoogopa ni kweli. Kwenye visiki vya kando ya njia kuna makovu ya panga zetu wenyewe, misimu yote mitatu. Nilinyamaza kwa muda pale. Hata hivyo vingi bado vinachipua, na ndani zaidi, chini ya lantana, tumekuta miche ya asili ambayo hakuna aliyeipanda.

Tumeomba miche sitini tu, yote itaenda palipokuwa na taka. Wanaotaka kupanda wamepewa sehemu hiyo waitunze wenyewe. Sisi wengine tumeanza na ukanda wa hatua ishirini upande wenye kivuli. Kila chipukizi tunalifungia kitambaa chekundu ili asitokee mtu akalikata. Vitambaa tulivyokwenda navyo vilikwisha kabla hatujafika nusu ya ukanda.