Nisaidieni kusoma IRM ya kifundo cha mkono

Kipa_Katuba: Jambo wakubwa. Nina sidi ya IRM (picha za mashine ya sumaku, MRI) ya mkono wa kuume. Mifupa naiona, ligamenti, ule ukano unaofunga mfupa wa skafoidi na wa lunati, siioni. Iko wapi? Daktari nitamwona wiki ijayo, usingizi umeniruka.

Yaya_Bijou: Pole muloko, mdogo wangu. Mimi niliteleza na ndoo pale Bel-Air, wakanifunga plasta. Hadi leo mvua ikikaribia mkono unanitangazia. Kula bukari, pumzika.

Mzee_wa_Radio: Fungua picha za koronali, zinazoonyesha mkono kana kwamba umelazwa mezani. Shika safu ya mifupa midogo inayopakana na kigasha, anzia upande wa gumba: skafoidi, lunati, trikwetra. Ligamenti yako ni kipembe cheusi kati ya ile miwili ya kwanza. Kwenye T2, aina ya picha ambamo maji hung'aa, mstari mweupe wa maji ukipita humo, pana neno. Katundu ka katikati peke yake kasikutishe, watu wazima wengi wanako. Nguvu iko sehemu ya nyuma, upande wa mgongo wa kiganja; hiyo itafute kwenye aksiali, picha zinazokata mkono kama vipande vya mkate. Uliumia lini?

Kipa_Katuba: Ni siku kidogo.

Mzee_wa_Radio: Kidogo ngapi?

Kipa_Katuba: Kabla ya Pasaka. Lakini fundi wa mifupa anauvuta kila Jumamosi, uvimbe umeshuka. Na Jumapili tuna mechi, kipa wa pili bado mtoto. Nikifunga bendeji ngumu nitadaka tu.

Mzee_wa_Radio: Pasaka, na sasa mvua zimerudi, miezi imepita! Kushona ligamenti hufaa zaidi wiki za mwanzo. Ukiiachia, skafoidi inainama, gegedu inalika. Piga na radio, yaani eksirei, ukiwa umekunja ngumi. Pengo kati ya skafoidi na lunati likizidi milimita 3, mifupa inaachana.

Soudeur_Ruashi: Tutahesabu magoli kwa kalkuleta 😂

Mama_Ngozi: Mnachezewa. Mgonjwa gani anataja skafoidi na lunati? Huyu ni mwanafunzi, ana mtihani kesho.

Kipa_Katuba: Majina niliyatoa kwenye ripoti.

Mama_Ngozi: Kumbe ripoti iko! Inasemaje?

Kipa_Katuba: ...Sehemu ya nyuma imekatika. Lakini aliyeandika hajanigusa hata mkono.

Mzee_wa_Radio: Mwanafunzi asingegombania mechi. Muloko, ripoti peleka kwa daktari wa mifupa kesho, usingoje wiki ijayo. Na fundi asiuvute tena.

Yaya_Bijou: Huyo fundi wa Jumamosi anakaa avenue gani?