Kunguru wa Uyole anapiga mluzi wa konda, tumtegee sumu au tumwache?

Wakuu habari za jioni, huku Uyole, Mbeya, baridi inachoma ila mjadala ndo umepamba moto. Jumapili kwenye kikao cha mtaa jamaa mmoja kasimama akataka kila kaya itoe buku mbili tununue sumu tuwamalize kunguru. Eti wanakwapua vifaranga, wanachana mifuko ya taka, na la tatu ndo lilitikisa kikao, kuna mmoja anaongea. Nusu ya watu wakasema hiyo sio bure, katumwa.

Sasa huyo mimi namjua. Nina banda la chipsi karibu na wanapopaki hiace, madogo wa bodaboda walimwokota akiwa kinda kaanguka toka kwenye mkaratusi, wakamlisha makombo hadi akaruka, hawajawahi kumfunga kamba, anaondoka anarudi mwenyewe. Kukaa pale kutwa kashika mluzi wa konda, ule wa kuruhusu gari, halafu anamalizia na "twendee" ya kukwaruza kama mzee mwenye mafua. Wiki iliyopita dereva kaondoa gari konda yuko chini anagombania chenji na abiria, acha atimue mbio na noti mkononi, kijiwe kizima hoi.

Uchawi hapo uko wapi? Ndege hatoi sauti kooni kama sisi, kisanduku chake cha sauti kiko chini kifuani, pale bomba la pumzi linapogawanyika kwenda kwenye mapafu, na kunguru yumo kundi moja na ndege waimbaji, anasikia anajifunza. Ndo maana hata ile habari ya kumchana ulimi ili aongee ni ukatili wa bure tu.

Na akili anayo. Ukoko mkavu wa ugali anaubeba hadi kwenye ndoo yangu ya vyombo, anauchovya, anageuza upande wa pili, anachovya tena, ndo anakula. Mimi mwenyewe siku nyingine nautafuna hivo hivo mkavu. Msimamo wangu, sumu hapana, tuhangaike na lile dampo linalowaita.

Mama wa kuku, Iyunga:
Mwanangu wewe unauza chipsi, kunguru kwako ni sinema. Mimi mwezi huu nilitotolesha vifaranga 14 wamebaki 3. Nikawapaka rangi ya zambarau eti wasitambulike, siku mbili tu wakaizoea, nahisi ndo niliwawekea alama kabisa. Mmoja anashuka mbele anamchokoza mama kuku, mwenzie anatokea nyuma anabeba. Hiyo akili unayoisifia ndo hiyo hiyo inayonitia hasara. Kunguru hafugiki, nyie mnamfundisha mluzi! Buku mbili yangu iko tayari.

Mstaafu, Iringa:
Kamwene wanangu. Nimefanya kazi Dar miaka mingi, kule sumu ilishatumika, ile Starlicide, lakini msichanganye mambo. Kunguru wa Dar ni mgeni, yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili asafishe taka, akavuka hadi bara na kusumbua ndege wengine. Wa huku kwetu ni wenyeji, yupo mwenye kifua cheupe kama kavaa fulana, na yule mkubwa wa milimani mwenye domo nene na baka jeupe kisogoni. Halafu ile sumu haiui palepale, anakula anaruka anaenda kufia kwingine siku moja au zaidi mbele, sasa mizoga nani ataikusanya? Na mkikosa hiyo mkatega sumu ya panya mtaua mbwa na hao hao kuku mnaowatetea.

Bodaboda, Mafiati:
Mzee shikamoo, nimekuelewa, ila kusema ukweli ndege wa kunisemesha saa kumi na mbili asubuhi kwenye ukungu mi simtaki. Na siamini kama kichwa kile kidogo kinaelewa kinachosema.

Mimi tena:
Mama shikamoo, kwenye vifaranga sina ubishi, hasara ni hasara. Ila wavu wa kufunikia mpaka wakue unaumiza mfuko mara moja, sumu utainunua kila msimu maana wengine watakuja kula taka ile ile.

Mafiati, sijasema anaelewa maneno, anaiga. Lakini sura ya mtu anaishika. Kule Seattle, Marekani, mwaka 2006 mtafiti John Marzluff na wenzie walivaa vinyago wakakamata kunguru 7, wakawavisha pete wakawaachia. Miaka ikapita, ukikatiza na kinyago kile unapigiwa kelele, tena hata na kunguru ambao siku ile hawakukamatwa.

Sasa yule jamaa wa sumu alishamrushia jiwe huyu wa kwetu. Tangu hapo akitoka getini asubuhi wanamsindikiza watatu wanne juu kwa juu hadi stendi, mtaa mzima unajua fulani kaenda kazini. Jana kaja na mzula kauvuta hadi kidevuni, yamebaki macho tu, kapita mbele ya banda langu hakuna aliyelia. Kafika mlangoni mwa hiace kauvua ili aongee na konda. Kabla hajapandisha mguu, mluzi ukalia.