Naomba ushauri: tuzuieje boti za wezi usiku ziwani bila kuua mtu?

Katibu wa Vizimba (Kisumu):

Ndugu zangu, salamu kutoka ukingoni mwa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji wa ngege (tilapia) katika vizimba, yaani matundu ya wavu yanayoelea ziwani, upande wa magharibi wa Kisumu, na ninaandika kwa sababu Jumamosi ijayo tuna mkutano ambao naogopa utapitisha jambo baya nisipokwenda na hoja iliyokomaa.

Tangu mvua za masika tumevamiwa mara tatu usiku wa manane. Wezi huja na boti yenye injini ya nguvu, huzima taa, hukata wavu wa kizimba na kuchota samaki waliobakiza wiki chache tu kuvunwa. Mara ya mwisho walimpiga mlinzi wetu kwa kasia, wakaondoka na injini ya mashua yetu. Tulitoa taarifa usiku uleule, lakini msaada ulifika kumekwisha kucha.

Wanachama wamejaa hasira. Baadhi wanataka tutengeneze mabomu ya petroli, na mmoja amesema waziwazi kwamba mwizi akizama hakuna atakayemlilia. Mimi siwezi kukubali. Nimemzika binamu yangu aliyekufa maji, na najua hali ya mwili uliokaa ziwani siku tatu unapokabidhiwa kwa mama mzazi. Isitoshe, gizani huwezi kutofautisha boti ya mwizi na boti ya wavuvi wa omena iliyosukumwa kwetu na gugu maji.

Nimesikia kwamba meli zinazopita pwani ya Somalia hufukuza maharamia kwa mitambo ya sauti, maji ya kasi, miali ya mwanga na nyavu za kunasa injini. Naomba wenye ujuzi mnieleze ni kipi kati ya hivyo kinaweza kufaa kikundi cha watu 22 chenye akiba ndogo, na ni kipi tuwaachie wanajeshi.

Baharia Mstaafu (Kakamega):

Katibu, mpe pole mlinzi wenu. Nilikuwa baharia wa meli za mizigo, na uharamia wa Kisomali ulipopamba moto kati ya mwaka 2008 na 2011 nilikuwa miongoni mwa waliopita Ghuba ya Aden, kwa hiyo vifaa unavyovitaja nimeviona kwa macho.

Nianze na mtambo wa sauti, kwa kuwa ndio unaosifiwa zaidi. Ulibuniwa baada ya Oktoba 2000, wakati boti ndogo iliyobeba vilipuzi ilipoisogelea manowari ya Marekani USS Cole bandarini Aden na kuua mabaharia 17. Somo lililopatikana pale ni kwamba mlinzi anahitaji kumwonya anayemjia akiwa bado mbali, ili asiye na hatia ageuze njia na atakayeendelea kuja awe ameonyesha nia yake. Hiyo ndiyo kazi ya msingi ya mtambo huo, ingawa watu hukumbuka tu kwamba sauti yake inaumiza masikio. Novemba 2005 meli ya watalii Seabourn Spirit iliutumia iliposhambuliwa na maharamia wenye makombora ya begani, ikaongeza mwendo na kuponyoka. Novemba 2008, hata hivyo, meli ya kemikali Biscaglia ilitekwa ingawa walinzi wake walikuwa na mtambo wa namna hiyo. Walinzi hao watatu walijirusha baharini na kuokolewa na helikopta. Mtu aliyekwisha kuamua kuja hasimamishwi na kelele peke yake.

Mabomba ya maji na seng'enge tulivitumia ili kumchelewesha anayepanda ubavuni, na ubavu wa meli ni mrefu kama ukuta wa ghorofa. Zaidi ya hayo, meli inaweza kukimbia. Mwongozo wa usalama wa mwaka 2011 ulieleza kuwa hakukuwa na taarifa ya maharamia kufanikiwa kupanda meli iliyokuwa ikienda kwa mwendo wa zaidi ya noti 18, yaani kama kilomita 33 kwa saa. Kizimba chenu kiko usawa wa maji na kimetia nanga, kwa hiyo msiige meli. Igeni bandari.

Baada ya shambulio la Aden, Wamarekani walizungushia manowari zao zilizotia nanga uzio wa nyavu unaoelea juu ya maboya, ili boti ya kasi isiweze kugusa ubavu. Majeshi pia yana vifaa vinavyorusha kamba au nyavu mbele ya boti inayokuja ili zijizungushe kwenye rafadha, yaani propela ya injini, na mwaka 2017 wanasayansi wa jeshi la majini la Marekani walieleza jinsi walivyotengeneza maabarani uzi unaoiga ute wa samaki fulani wa baharini afananaye na mkunga, kwa matumaini kwamba siku moja utanasa injini namna hiyo. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka gugu maji la Winam, ambalo limekuwa likifanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila kutumwa na mtu. Kwenu, uzio wa kamba inayoelea juu ya maboya kuzunguka vizimba unaweza kufanya kazi zote mbili.

Mitambo ya mawimbi ya kuzima umeme wa injini waachieni wanajeshi. Kadhalika miali ya leza: Itifaki ya kimataifa ya mwaka 1995 inakataza silaha za leza zilizokusudiwa kupofusha, na hizo tochi za leza zinazouzwa mjini kwa bei ndogo zinaweza kuharibu jicho moja kwa moja. Kurunzi kubwa ya kawaida inatosha.

Fundi wa Mashua (Mbita):

Nakubaliana na Mzee Baharia kuhusu uzio wa kamba, lakini Katibu asiuchukulie kuwa ni kufuli. Injini zetu hufungwa nje, nyuma ya mashua. Kamba ikijizungusha kwenye propela, injini huzimika, au mpira wa ndani ya propela hujipindua ili kuokoa gia. Mwenye injini anayejua kazi yake huiinua juu ya maji, hukata kamba kwa kisu, huwasha tena na kuondoka. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi sana kwa sababu ya nyavu zilizotupwa na gugu, na kukiwa na mwanga huchukua dakika chache. Gizani, mikono ikitetemeka, na kurunzi ikimmulika usoni, itamchukua muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: dakika hizo mtazitumiaje? Kama mlinzi ni mmoja na hana simu yenye chaji, kamba imewasaidia wezi tu kujifunza mahali ilipo. Kama kuna king'ora, kurunzi, na mashua mbili za majirani zilizokubaliana kutoka pamoja kila king'ora kinapolia, na zinazokaa mbali huku zikimulika bila kugusana na mtu, basi dakika hizo zina maana. Wezi wa ziwani huogopa kutambuliwa kuliko wanavyoogopa kuumizwa, maana wengi wao tunawajua.

Injini mtakayonunua ichongeni namba sehemu tatu zisizoonekana upesi, na mfiche ndani yake kifaa cha kufuatilia chenye laini ya simu.

Wakili wa Milimani:

Naomba kuongeza upande wa sheria kwa ufupi. Kwanza, hawa si maharamia machoni pa sheria ya bahari ya kimataifa, ambayo huhusisha uharamia na bahari kuu; ni wanyang'anyi walio ndani ya maji ya Kenya, na kesi yao ni ya Kanuni ya Adhabu. Pili, kifungu cha 17 cha kanuni hiyo kinaruhusu kujitetea na kutetea mali, lakini nguvu inayotumika lazima ilingane na hatari iliyopo. Bomu la petroli kwa mtu anayechota ngege halilingani kwa kipimo chochote, na atakayelirusha ndiye atakayesimama kizimbani kwa kuua.

Uzio nao una masharti yake. Kamba iliyofichwa njiani mwa wavuvi ni mtego, na boti yoyote ikidhurika mtawajibika. Kamba iliyozunguka eneo lenu la vizimba, yenye maboya ya rangi kali na taa, ikijulikana kwa kamati ya ufuo, idara ya uvuvi ya kaunti na Huduma ya Walinzi wa Pwani, ambayo tangu ilipoundwa mwaka 2018 inahusika na maziwa pia, ni uzio halali wa mali. Pateni idhini kwa maandishi kabla ya kutandaza hata mita moja.

Nyar Winam:

Mimi ni mchuuzi wa samaki, na mume wangu huvua omena. Nimewasoma wote kwa makini, ila kuna jambo sijaliona. Usiku upepo wetu hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Boti iliyozimika injini saa nane za usiku haitasukumwa ufuoni. Itachukuliwa kwenda kwenye maji makubwa, na ikishikwa na wimbi la ubavu itapinduka. Mtasema hamkumuua mtu, lakini mtakuwa mmemwacha afe.

Katibu, nakuomba mkutano ukubali kwamba mashua zitakazotoka king'ora kikilia zibebe makoti ya kuokolea ya ziada na kamba ya kuvutia, hata kwa ajili ya hao wezi. Na taa za uzio ziwake usiku kucha, kwa sababu mume wangu hupita hapo.

Katibu wa Vizimba (Kisumu):

Mama, hilo la upepo halikunijia kabisa, nami nimezaliwa hapa. Nitalisema mwanzoni kabisa mwa mkutano, hata kabla ya hesabu za fedha. Wakili, barua za kuomba idhini nimeanza kuziandika leo.

Swali moja la mwisho kwa Fundi: tuna marobota mawili ya kamba ya nailoni yaliyobaki tulipofunga nanga. Je, yanafaa kwa uzio?

Fundi wa Mashua (Mbita):

Hayafai, Katibu. Nailoni huzama, na ikilegea itakwenda kujizungusha kwenye nanga zenu wenyewe. Tafuteni ile kamba ya plastiki ya polipropilini, ambayo huelea, ya rangi ya manjano au ya chungwa. Ifungeni boya kila baada ya mita tatu au nne, muiweke mbali na vizimba kiasi kwamba boti iliyozimika isije ikagonga wavu, na muache mlango mmoja unaojulikana na walinzi. Jua huichakaza kamba hiyo, kwa hiyo muikague kila mwezi na kubadilisha vipande vilivyoanza kutoa nyuzi. Nailoni itunzeni kwa nanga.