Wakuu, nikitumia tao kama fremu ya picha, tao linameza watu. Nifanyeje?

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao nina kazi ya kupiga picha maharusi Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya Msikiti Mkuu, na wanataka yale matao yawe fremu. Nimejaribu kwenye kibaraza cha jirani: ukuta ukionekana vizuri, nje kunakuwa kweupe pe, nje kukikaa sawa, tao linakuwa jeusi tii. Nina lenzi ya mm 18-55 (ya kuvuta) na ya mm 50. Naomba ushauri.

Fundi_Mwanga: Tao kuwa na giza si kosa mkuu, jicho linakimbilia penye mwanga. Pima mwanga wa pale waliposimama maharusi, piga RAW (faili ghafi la kamera), kivuli utakiinua kidogo ukifika kwenye kompyuta. Kidogo tu! Ukikiinua sana picha inapauka. Ila usikiache kizame kabisa, yale mawe ya matumbawe yana vitobo vitobo vizuri mno.

BintiKusini: Nimefika pale. Upande wa kaskazini, ule wa zamani zaidi, hauna paa. Wewe nenda kusini kwenye makuba. Rudi nyuma nguzo mbili tatu, utapata tao ndani ya tao. Nenda asubuhi au alasiri. Jua la utosini litawatia kivuli machoni wakiwa nje ya paa. Na kibali mchukue Kilwa Masoko kabla ya kupanda boti.

Mzee_wa_Lenzi: Mimi matao ya kila picha yananichosha. Fremu iwe na kazi: ifiche kitu kibaya au ionyeshe mko wapi. Pia acha nafasi kati ya kichwa na ukingo wa tao, vikigusana mtu anaonekana amebanwa. Fokasi chagua mwenyewe kwenye uso, maana kamera ikiachiwa hung'ang'ania ukuta wa karibu.

Muuliza mada: Nawashukuru sana. Tundu la lenzi niweke ngapi? Nilikuwa napiga f/1.8.

Mzee_wa_Lenzi: Majani ya mbele yakififia yanapendeza, lakini jiwe likififia linaonekana kama uchafu kwenye lenzi. Anzia f/8, tundu dogo zaidi ya hiyo f/1.8, ili jiwe na watu vyote vionekane vizuri. Kukiwa na giza panda ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), usiogope chenga zitakazotokea kwenye picha.

BintiKusini: Na hiyo 50 itakubana ndani ya msikiti, kamera yako ikiwa ya sensa (kile kipande kinachonasa picha) ndogo. Tao lipige na 18-55, 50 ibaki ya sura.