Mulipita na VTT ku njia yenye kulowana, sasa mama anataka kutufungia shamba yake

Bandugu na badada ba VTT (kinga, ni kusema baiskeli, ya mulima) ba hapa Bukavu, munisamehe lakini leo sitaficha kitu, niko na hasira tangu juzi na mikono ingali inaniuma juu ya beshi.

Benye habajue: ile njia ya juu ya Bagira, yenye inaanzia ku mikaratusi, inapita mu shamba ya mama moja mpaka kule chini ku kijito, haikuota yenyewe. Tuko batu saba. Tuliichimba siye na tunaitengenezaka kila posho asubui, ni salongo, hakuna mwenye anatulipa, beshi ni zetu, piyoshi tunaombaka kwa jirani, na hakuna ofisi hapa muji yenye itatuma mutu kuja kuziba shimo ya njia ya kinga. Kama hatuendi mwezi moja tu mu hii majira ya mvula, njia imekwisha.

Basi posho yenye ilipita tulimaliza mitaro saa sita, kisha mvula ikanyesha mpaka magaribi. Niliandika ku grupu, bote muliona: kesho musipite, udongo haujakauka. Yenga asubui mutu mwenye alipanga kurse (mashindano ya mbio) akaleta batu na rubani zake, zile kamba za rangi za kuonyesha njia, kila moja alimulipa dola 10, bakashuka ile njia mara tatu tatu, bakaenda zabo.

Juu ya nini tunakatalaka kupita kisha mvula? Hii udongo yetu mwekundu ikikauka inakuwa nguvu sawa matofali, ikilowana pine inazama na inaacha mufereji. Mvula yenye inafuata inaingia mule mule, maji haitoki tena ku kando, inashuka na njia mbio inabeba udongo. Siye tunailaza njia kidogo upande wa bonde ili maji ivuke pole pole, na hatuishushe wima, tunafuata ile kanuni ya nusu: kama mwinuko wa mulima ni 30 kwa mia, njia isipite 15, na kwa jumla tunabaki karibu na 10. Njo maana inazunguka zunguka. Nanyi mukakata kona tatu juu munaona iko ndefu!

Na ile miti ya mikaratusi tuliilalisha mu njia ili itoe maji inje, mutu aliing'oa, akaipanga pamoja na mawe ya mutaro wetu, akatengeneza fasi ya kuruka. Mawe yenye tulibeba ku kichwa toka kijito.

Siku ya kwanza usiku mvula ikarudi. Asubui nikapanda kuangalia, nikaingiza mukono mu mufereji, ukafika ku kiwiko. Maji yote ilienda mu shamba ya mama, mistari mine ya mihogo imelala, mizizi inje, nyeupe, imeoshwa kabisa. Alikuwa amesimama pale na mutoto ku mugongo, hakupiga kelele, aliniambia tu: "Banangu, niliitika mupite, sikuitika mulete muto mu shamba yangu." Nilikosa neno. Ule mama hakutuombaka hata franka moja tangu tuanze kupita kwake.

Najua kuna benye batasema ni mvula, haiko kinga. Basi muende muangalie kipande cha juu, kule kurse haikufika. Mvula ile ile, udongo ule ule, na njia iko muzima, hata majani ya kando haijaguswa.

Hii mambo haikuanza kwetu. IMBA, lile shirika la batu ba VTT, lilizaliwa mwaka 1988 kule California juu fasi mingi zilikuwa zinafungiwa kinga, na mpaka leo linafundisha batu namna ya kuchimba njia yenye haiharibu udongo. Siye tuko na njia moja yenye tulichimba na mikono yetu, kama mama anafunga tutaenda wapi? Ku barabara pamoja na malori?

Wewe mwenye kupanga kurse, uliahidi beshi ine na bruweti moja kutoka mu ile makuta. Nimekupigia mara tano. Unasema "nitakupigia". Leta vile vitu, na ulipe mihogo ya mama, siye tulisha kuanza kuchanga lakini deni ni yako.

Nanyi mwenye mulipita yenga, sitaki pole zenu hapa chini. Posho saa kumi na mbili na nusu tuko ku mikaratusi, tutaziba mufereji, tutarudisha miti na mawe, ni kazi ya siku muzima kama tuko saba, tukiwa makumi mbili saa tano tunamaliza. Beba beshi ao jembe, ao kuya na mikono tu. Mama alisema anangojea mpaka siku ya kwanza, kisha pale anapanda miiba.