MREJESHO: Mnara wa simu kijijini kwetu umewashwa

Wakuu, niliwauliza kijiji kisicho na mtandao kinapataje mnara, maana kampuni moja ilitujibu kuwa wateja ni wachache. Mkanielekeza Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF). Asanteni sana, mlisema kweli. Mfuko huo, uliotokana na sheria ya 2006, huzipa kampuni ruzuku zijenge pale ambapo biashara peke yake haiwavutii. Mwaka 2023 zilisainiwa kandarasi za minara 758 katika kata 713.

Barua yetu ilipitia serikali ya kijiji, diwani akaifuatilia halmashauri mpaka kikaeleweka.

Sasa shangazi anaongea na mwanawe aliyeko Mwanza huku anasonga ugali, simu kaibana begani. Zamani ilikuwa lazima apande kile kichuguu nyuma ya zahanati. Mwenye duka naye amekuwa wakala, hatupandi tena bodaboda kwenda kutoa pesa.

Shida iliyobaki ni umeme. Mnara unategemea sola, mawingu yakitanda mfululizo betri zinakata usiku, na wagonjwa huzidiwa usiku. Tumeshaandika kuomba jenereta ya akiba. Mnaoanza kuomba mnara, kwenye barua ambatanisheni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji.